Chombo cha kwanza cha tanga kwa familia: yanayosemwa gatini na yaliyo kweli

Katika hori za Kilifi na Mtwapa, na ukishuka hadi Tanga na Dar es Salaam, hutakosa kuona vyombo vya tanga vya faibaglasi, vya mita 8 hadi 12, vilivyofungwa boyani miezi nenda miezi rudi, jua likivichoma juu na makombe yakivishika chini. Baadhi ya wenyewe walivuka navyo bahari kutoka mbali, wakafika mwisho wa safari yao au wa fedha zao, na sasa wanatafuta mnunuzi. Kwa hiyo familia ya pwani inayotamani kuzunguka visiwa kwa upepo, kutoka Wasini kwenda Pemba au kutoka Unguja kwenda Mafia, inaweza wakati mwingine kupata chombo kizuri kwa bei inayokaribia ile ya gari la mtumba. Fursa hiyo ni ya kweli, nami natamani wazazi wengi wa huku waitumie, maana bahari hii ni yetu na watoto wetu wengi wanaiona kutoka ufukweni tu. Lakini nimeona pia familia zikipoteza akiba ya miaka kwa kuamini maneno yanayosemwa gatini kama kanuni, na maneno hayo ndiyo ninayotaka tuyapime hapa.

“Chombo kikubwa ndicho salama kwa watoto”

Dhana hii hutokana na mapenzi ya mzazi, na ndiyo maana ni vigumu kuipinga. Hata hivyo, hesabu yake haikubali. Ukitoka kwenye chombo cha mita 9 hadi cha mita 12 chenye umbo lile lile, urefu umeongezeka kwa theluthi moja tu, lakini uzito umezidi mara mbili, kwa sababu upana na kina navyo vimekua. Tanga linakuwa zito zaidi, nanga inakuwa nzito zaidi, na kamba ambayo mama angeishika kwa mkono mmoja sasa inataka roda na watu wawili. Baba na mama wakisafiri na watoto wawili wadogo, kwa kweli chombo kina baharia mmoja na nusu, kwa kuwa kila wakati mmoja wao yuko na mtoto. Kipimo ninachowashauri wazazi ni hiki: mtu mzima mmoja, akiwa peke yake na mwenzake amelala chini kwa kichefuchefu, je, ataweza kupunguza tanga kuu, kung’oa nanga na kukirudisha chombo bandarini? Chombo cha mita 8 hadi 10 hupita mtihani huo kwa familia nyingi.

Jambo linalostahili kuulizwa kabla ya urefu ni kina cha mkuku, uti wa chini unaoshuka majini. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, maji ya Mombasa na Unguja hupanda na kushuka kwa takriban mita 4, na milango mingi ya mwambani na hori zetu nyingi ni za maji haba. Chombo chenye mkuku wa mita 2 kitabaki nje pale ambapo chenye mita 1.2 kinaingia na kulala salama. Zaidi ya hayo, chombo chenye mkuku mrefu usio wa kina, au chenye mikuku miwili, unaweza kukileta juu ya mchanga maji yakiwa yamejaa, kikapwelewa, ukakisugua na kukipaka rangi chini, kisha kikaelea tena maji yanaporudi, bila kulipia chelezo, mahali pa kupandishia vyombo nchi kavu, wala winchi. Majahazi yamehudumiwa hivyo pwani hii kwa karne nyingi.

“Faibaglasi haiozi”

Ni kweli kwamba faibaglasi yenyewe haiozi. Lakini chombo hakikutengenezwa kwa faibaglasi peke yake. Sitaha za vyombo vingi vya aina hii ni tabaka mbili nyembamba za faibaglasi zenye mbao laini au plaiwudi katikati, na kila skrubu iliyopigwa juu yake, ya kushikilia reli, roda au dirisha, ni njia ya maji. Skrubu ikishalegea, maji huingia tone baada ya tone, ubao wa ndani ukageuka kuwa kama keki iliyolowa, na juu bado panang’aa.

Niliwahi kuandamana na rafiki kukagua chombo cha mita 9 ambacho tayari alikuwa amekipenda. Ndani mlikuwa safi, mito mipya, mbao zimepigwa vanishi. Tulipiga magoti kwenye omo, yaani mbele, na mpini wa plastiki wa bisibisi, tukawa tunagonga sitaha kidogo kidogo kuelekea tezi, yaani nyuma. Palipo pazima palijibu kwa sauti kavu, tak, tak, tak. Tulipofika karibu na mlingoti sauti ikabadilika, ikawa nzito kama ya kugonga gunia la unga. Tukachora kwa chaki mpaka wa kila sauti mbili zilipokutana, na baada ya saa moja sitaha ilikuwa na ramani: visiwa vitatu vya ubovu, kikubwa kikiwa na ukubwa wa mkeka wa kuswalia. Muuzaji, ambaye sidhani alikuwa na nia mbaya, alisimama akiitazama ile chaki bila kusema neno. Kazi yote hiyo haikuhitaji kifaa cha kisasa wala fedha.

Mahali pengine pa kutazama ni vyuma vinavyoshika waya za mlingoti. Watu huamini kuwa chuma kisichoshika kutu hakishiki kutu kamwe, lakini chuma hicho hulindwa na hewa. Kikikaa mahali penye unyevu pasipo hewa, kwa mfano pale kinapopenya sitaha, huliwa kwa siri na kupata nyufa. Fungua makabati ya ndani, chukua tochi, tafuta michirizi ya rangi ya chai ya rangi inayoshuka ukutani. Waya zenyewe kwa kawaida hubadilishwa kila baada ya miaka 10 hadi 15, na kama muuzaji hana risiti ya kuonyesha umri wake, zihesabu kuwa muda wake umekwisha. Vali zinazopitisha maji ya bahari zikwaruze kidogo kwa kisu: shaba ya manjano iliyoliwa na chumvi huonyesha rangi ya waridi na kuvunjika kama biskuti, na vali moja ikivunjika chini ya mstari wa maji, chombo kinaweza kuzama kikiwa kimefungwa boyani.

Kwa upande mwingine, wapo wanaokimbia wakiona malengelenge kwenye faibaglasi iliyo chini ya maji. Malengelenge machache huwa ni kazi ya kukwangua, kukausha na kupaka upya, na mara nyingi hayagusi nguvu ya chombo. Ni sababu nzuri ya kupunguziwa bei. Mimi ningechagua chombo chenye malengelenge na sitaha nzima kuliko chenye tumbo laini na sitaha iliyolowa.

Wahenga walisema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Kwa mnunuzi, maneno hayo yachukuliwe kama yalivyo. Inua mbao za sakafuni, shuka ngamani, chini kabisa ya chombo, tia kidole kwenye maji utakayoyakuta uyaonje kwa ncha ya ulimi, ukishahakikisha hayana mafuta. Yakiwa ya chumvi, yanatoka chini; yakiwa hayana chumvi, huenda ni ya mvua na yanatoka juu, na sasa unajua pa kuanza kutafuta.

“Injini yenye saa chache ni kama mpya”

Injini ya dizeli ya baharini inayotunzwa hufanya kazi maelfu ya saa. Kinachoiua zaidi ni kukaa. Injini ya miaka 20 iliyofanya saa 300 imetumika saa 15 kwa mwaka, na muda wote uliobaki maji ya chumvi yamekaa kwenye njia zake za kupoozea, mpira wa pampu umekauka, na ndani ya tangi la mafuta maji yamejikusanya pamoja na uchafu mweusi unaoziba chujio siku ya mawimbi, tangi linapotikiswa. Ukifika kuitazama, kabla ya salamu kwisha, weka kiganja juu ya injini. Ikiwa na joto, muuzaji ameiwasha kabla hujaja. Mwambie kwa heshima kwamba utarudi kesho. Ikiwa baridi, iwashwe mbele yako. Moshi mweupe usiokoma, moshi wa bluu wa oili inayoungua, au maji machache yanayotoka nyuma pamoja na moshi, kila kimoja kina gharama yake.

“Chombo cha bei ndogo hakihitaji mkaguzi”

Hapa mambo ni kinyume kabisa. Gharama za chombo hufuata urefu wake, hazifuati bei uliyonunulia. Tanga jipya, waya mpya, rangi ya chini na mnyororo wa nanga vina bei ile ile kwa chombo cha mita 9 kilichonunuliwa kwa fedha nyingi na kwa kile kilichonunuliwa kwa chache. Wengi hutumia kadirio la asilimia 10 ya bei kwa matunzo ya mwaka, lakini kadirio hilo hudanganya pale bei inapokuwa ndogo sana. Kwa hiyo mchague mkaguzi wewe mwenyewe, mlipe wewe mwenyewe, akikague kikiwa nje ya maji, kisha mtoke nacho baharini siku yenye upepo wa kutosha kujaza tanga. Matanga nayo yana siri moja ambayo jua letu huifichua mapema: ukikwaruza mshono kwa ukucha na uzi ukakatika, kitambaa kinaweza kuwa kizima lakini mshono umekwisha. Orodha ndefu ya vifaa vya umeme isikushawishi. Rada ya miaka 15 iliyopita haina thamani ya kuihesabu.

Kuhusu karatasi, watu wengi hudhani kuwa barua ya kuuziana inatosha. Chombo kilichoingizwa nchini kwa muda na msafiri hakijalipiwa ushuru, na siku kinapouzwa kwa mkaazi ushuru huo hudaiwa, kwa hiyo uliza forodhani kabla ya kutoa hata amana. Omba cheti cha usajili, uthibitisho kwamba kimefutwa au kitafutwa kwenye daftari la nchi ya bendera yake, na risiti za boya na chelezo, kwa kuwa madeni yanaweza kukifuata chombo. Usajili nchini Kenya uko chini ya mamlaka ya bahari, KMA. Tanzania Bara chini ya TASAC. Na Zanzibar chini ya ZMA.

“Tutakinunua Kenya, wiki ijayo tutakuwa Dar es Salaam”

Inategemea wiki yenyewe ni ya mwezi gani. Nje ya mwamba, mkondo wa pwani yetu huelekea kaskazini karibu mwaka mzima, na wakati wa kusi, upepo utokao kusini, hufikia maili 3 hadi 4 za baharini kwa saa. Chombo cha mita 9 kinachopiga bisho, yaani kinachokwenda huku na huku dhidi ya upepo, kuelekea kusini mwezi Julai, upepo na mkondo vyote vikikipinga, kinaweza kushinda kutwa nzima kikitazama mnazi ule ule. Kinunue wakati wowote, lakini kishushe kusini kwa kaskazi, upepo utokao kaskazini, kati ya Desemba na Machi.

“Mama na watoto watazoea”

Hawatazoea kitu walichoamuliwa. Wapeleke mapema, na kila mtoto awe na jaketi la kuokolea linalolingana na uzito wake, maana la mtu mzima humvuka kichwani akiingia majini. Jiko la gesi litazame kwa makini kuliko kitanda: gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, ikivuja hushuka na kutulia ngamani, kwa hiyo mtungi uwe kwenye kisanduku chake chenye tundu la kutolea gesi nje ya chombo.

Kisha, kabla ya malipo ya mwisho, omba kulala ndani usiku mmoja, familia nzima, kikiwa nangani. Sisi tulifanya hivyo na chombo tulichokuja kukinunua, ambacho mkaguzi alikuwa amekipitisha wakati wa ukame. Usiku ikanyesha. Alfajiri binti yetu alitoka na mto wake mkononi, umelowa upande mmoja, akatuonyesha tone lililokuwa likining’inia juu ya kitanda chake. Tuliligusa, tukalifuata kwa tochi hadi kwenye skrubu moja ya reli, na tulipokwenda kugonga sitaha juu yake, sauti haikuwa kavu.

Tulikinunua, kwa bei iliyopungua kiasi cha kazi ile, na sehemu hiyo ndiyo tuliyoifumua kwanza.