Je, wajua kwa nini kori nane (vitengo vinavyopiga hesabu ndani ya prosesa ya kompyuta) hazikupi kasi mara nane?

Mwenye kibanda cha samaki pale Dunga, kando ya ziwa hapa Kisumu, anaweza kuita vijana wanane waje kupaa ngege. Magamba yatatoka chapuchapu. Lakini karai likiwa moja, wateja watangoja karai.

Laptopu ina karai lake pia: ile sehemu ya kazi isiyogawanyika. Kufikia 2005 hivi, kuongeza kasi ya kori moja kulikuwa kunaleta joto lisilopoozeka, kwa hiyo watengenezaji wa prosesa wakaanza kupanga kori kadhaa ndani ya chipu moja. Programu ya mtindo wa zamani hutumia moja tu. Nyingine zimekaa kitako.

Hoja ya karai aliitoa Mmarekani Gene Amdahl mwaka 1967. Asilimia 10 ya kazi ikiwa haigawanyiki, kori nane zitakupa kasi ya mara 4.7 hivi. Leta hata kori elfu, mara 10 huifikii.

Kwa hiyo pima kwanza, ndipo ugawe. Profaila, kama vile perf ya Linux, huonyesha muda unaishia wapi. (Niliwahi kukesha nikigawa hesabu ya sekunde mbili, kumbe dakika nzima ilikuwa inaliwa na kusoma faili.)

Kugawa kwenyewe si kugumu sana. OpenMP, seti ya maagizo ya kugawa kazi iliyoanza 1997, hukuwezesha kuweka mstari mmoja juu ya kitanzi (sehemu ya programu inayojirudia) cha lugha ya Fortran au C, na kompaila, inayotafsiri programu kwa lugha ya mashine, ikakigawia kori zote.

Balaa liko kwenye data ya pamoja, inayoguswa na kori zaidi ya moja. Tuseme ubaoni pameandikwa kwa chaki: samaki 40. Wauzaji wawili wanasoma 40 kwa mpigo, kila mmoja anauza samaki mmoja, kila mmoja anaandika 39. Wameuzwa wawili, ubao unajua mmoja, na mwizi hayupo. Kosa hili linaudhi kupita yote: ukimwita mwenzako aje alione, programu inaenda sawasawa. ThreadSanitizer, zana iliyomo ndani ya kompaila za GCC na Clang, hulinasa kwa kufuatilia uzi upi (mkondo mmoja wa kazi ndani ya programu) umegusa kumbukumbu ipi bila mpangilio. Ukaguzi wake hupunguza kasi mara kadhaa, vumilia tu.

Ukiweka kufuli kwenye ubao, yaani mmoja tu aushike kwa wakati mmoja, hesabu itakuwa sahihi, ila umezaa karai jingine, maana wote sasa wanapanga foleni ya chaki. Afadhali kila uzi uwe na hesabu yake, zijumlishwe mwishoni. OpenMP huliita agizo hilo reduction.

Ukijiundia hesabu hizo mwenyewe, angalia zinakaa wapi. Kwenye prosesa nyingi, kashe, kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo karibu na kori, hubeba data kwa vipande vya baiti 64. Hesabu mbili zikiangukia kipande kimoja, kori mbili zitanyang'anyana kipande hicho ingawa kila moja inaandika ya kwake. Jibu litatoka sahihi, kasi ndiyo itakayopotea. Ziachanishe kwa baiti 64.