Sikio na ulimi: dhana potofu kuhusu kusikia na kutamka

Wengi tunauona usemi kama njia mbili zisizokutana: sauti zinaingia kwa sikio, zinatoka kwa ulimi. Wengine wanakwenda mbali upande wa pili na kusema ni kitu kimoja. Wote wamekosea, na ushahidi upo wa miaka mingi.

Dhana: Mtoto asiyeweza kutamka sauti fulani haisikii.

Sivyo. Mwaka 1960 Jean Berko na Roger Brown walisimulia kisa cha mtoto anayezungumza Kiingereza, mwenye samaki wa plastiki aliyemwita "fis" badala ya "fish". Mtu mzima akamwiga: "Huyu ni fis wako?" Mtoto akakataa: "Hapana, fis wangu!" Wakabishana hivyo mpaka mtu mzima aliposema "fish". "Ndiyo," mtoto akakubali, "fis wangu." Sikio lilikwishajua; ulimi ndio uliobaki nyuma. Kumwiga mtoto makosa yake ukidhani ndivyo anavyosikia ni kumchosha bure.

Dhana: Basi sikio hutangulia siku zote.

Hapa ndipo penye utamu. Kijapani hakitenganishi r na l, na Wajapani wanaojifunza Kiingereza hutaabika nazo. Mwaka 1971 mtafiti Goto alionyesha kuwa wapo wanaozitamka vizuri, lakini wakisikilizishwa hawazitofautishi. Kumbe ulimi unaweza kufundishwa pa kukaa bila sikio kuelewa.

Kisha mwaka 1997 Ann Bradlow na wenzake waliwapa Wajapani mazoezi ya kusikiliza tu, kwa sauti za wasemaji mbalimbali, bila somo lolote la kutamka. Matamshi yao nayo yakaboreka. Ajabu ni kwamba aliyepiga hatua kubwa katika kusikia hakuwa lazima ndiye aliyepiga hatua kubwa katika kutamka. Mwalimu wa lugha anayepima upande mmoja na kukisia wa pili anabahatisha.

Dhana: Usemi husikika kwa masikio tu.

Mwaka 1976 Harry McGurk na John MacDonald walionyesha kwamba sauti ya "ba" ikiwekwa juu ya picha ya mdomo unaotamka "ga", watazamaji wengi husikia "da". Fumba macho, "ba" inarudi. Kuujua mchezo huo hakukukingi.

Dhana: Unapozungumza, masikio yako yamepumzika.

Vaa hedifoni, sauti yako mwenyewe ikurudie ikiwa imechelewa kama sekunde 0.2: utaanza kuvuta maneno na kugugumia. Mwaka 1998 John Houde na Michael Jordan (si yule wa kikapu) walitumia kompyuta kubadili irabu za watu waliokuwa wakinong'ona, na wasemaji wakarekebisha matamshi yao ili kufidia mabadiliko hayo. Hata hivyo, anayepoteza usikivu ukubwani haachi kueleweka kesho yake. Usemi wake hudumu miaka, ingawa uwezo wa kupandisha na kushusha sauti kwa kiasi hupungua.

Dhana: Tunaelewa usemi kwa kuutamka kimoyomoyo.

Hii ina asili ya heshima. Alvin Liberman, wa Haskins Laboratories nchini Marekani, aliona kwamba d ya "di" na d ya "du" zina mawimbi ya sauti tofauti, ilhali ulimi hufanya karibu tendo lilelile. Akahitimisha kuwa msikilizaji hutambua tendo la kinywa. Mwaka 1975 Patricia Kuhl na James Miller wakawafundisha chinchila, wanyama wa jamii ya panya, kutofautisha "da" na "ta", na mpaka waliouweka kati ya sauti hizo ukakaribiana sana na wa binadamu. Chinchila hajawahi kutamka hata silabi moja.

Lakini msiitupe hoja ya Liberman yote. Mwaka 2009 Alessandro D'Ausilio na wenzake walichochea kwa sumaku sehemu za ubongo zinazoendesha kinywa: wakigusa ya midomo, watu walitambua upesi zaidi b na p; wakigusa ya ulimi, d na t. Silabi hizo zilikuwa zimefunikwa na kelele, hali ambayo sikio hupokea msaada wowote linaoupata.