Kwa nini seli za ini hununa kwenye plastiki

Mwaga seli za ini la panya kwenye sahani tupu ya plastiki. Zitashika, zitajitandaza kama chapati, na baada ya siku chache albumini, protini ya damu ambayo ini huitengeneza, inaporomoka. Ziko hai, ila kazi ya ini zimeshaiacha. Zilaze seli zilezile kati ya matabaka mawili laini ya kolajeni (protini ya nyuzi inayoshikilia seli mwilini), zitachapa kazi wiki kadhaa.

Kolajeni yenyewe hutoka kwenye mkia wa panya, nayo huja imeyeyushwa kwenye asidi. Unaiweka juu ya barafu, unachanganya na maji ya kukuzia seli, unatia alkali tone kwa tone mpaka unjano ugeuke waridi. Ukiitoa kwenye barafu halafu ukazubaa, inagandia kwenye pipeti. Pipeti nilizotupa hivyo, msiniulize ngapi.

Sasa seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine. Ini likikatwa theluthi mbili, kama Higgins na Anderson walivyowafanyia panya mwaka 1931, hurudia uzito wake kwa siku kumi hivi, na seli shina hazihusiki: seli za kawaida za ini hugawanyika zenyewe. Seli tangulizi (naliona jina hili salama zaidi, maana ubishi juu ya "shina" haujaisha) hujitokeza pale za kawaida zinapokwama, kwa mfano ini likiumizwa miaka na hepatitisi.

Maskani yao ni vijifereji vya Hering, mwanzoni mwa njia ya nyongo, na hapo zimekalia laminini, protini nyingine ya kushikilia seli. Laminini huzizuia zisikomae: zikiigusa, hubaki changa na kuegemea upande wa nyongo. Ili ziwe seli kamili za ini, sharti zibanduke. Lakini bila laminini hazisafiri pia. Kwa panya wanaolishwa chakula cha kuumiza ini, kisicho na kirutubisho cha kolini na kilichotiwa kemikali ya ethionini, kolajeni na laminini hutandikwa kwanza, ndipo seli tangulizi huingia. Na panya ambao kolajeni yao aina ya kwanza imebadilishwa kijeni isikatwe na vimeng'enya, seli hizo hudorora.

Sirosisi, yaani ini lililojaa makovu, inafanana na hali hiyo: kolajeni nene, iliyofungamana, haikatiki kirahisi. Ndiyo maana nikiulizwa kuhusu kumchoma mgonjwa sindano ya seli shina, nami huuliza: zikifika, zitakaa wapi?