Kanisa la Kijijini Chini ya Wasovieti: Yanayosemwa na Yaliyotokea

Wengi huamini kwamba Wabolsheviki, yaani wakomunisti wa Urusi, walipotwaa madaraka mwaka 1917 waliyafunga makanisa ya Kiorthodoksi papo hapo. Sivyo ilivyokuwa. Amri ya Januari 1918 iliyanyang'anya makanisa mali zao, lakini waumini waliruhusiwa kulitumia jengo kwa mkataba, mradi wapatikane watu 20 wa kulidhamini, na vijiji vingi viliendelea kusali hivyo kwa takriban miaka kumi. Kitanzi kilikuwa ndani ya mkataba wenyewe: matengenezo, bima na kodi vilikuwa juu ya waumini, kwa hiyo ofisa aliyetaka kanisa lifungwe alichohitaji ni kuagiza paa litengenezwe haraka kwa gharama ambayo wakulima wasingeimudu.

Pigo kubwa lilikuja na mashamba ya ushirika, kuanzia mwaka 1929. Kengele ziliteremshwa zikayeyushwe, na makasisi wengi wakahamishwa kwa nguvu pamoja na wakulima walioitwa matajiri.

Husemwa pia kwamba makanisa yote yalibomolewa. Mengi yalibomolewa kweli. Mengine yakageuzwa kuwa maghala, kumbi za burudani au karakana za matrekta. Magunia ya nafaka yalipangwa chini ya michoro ya watakatifu, na pale ilipohifadhiwa mbolea, chumvi yake iliingia ndani ya matofali na kuyala polepole, hasara ambayo mafundi wanahangaika nayo hadi leo.

Je, wanakijiji waliiacha imani? Katika sensa ya Januari 1937, iliyouliza waziwazi juu ya dini, zaidi ya nusu ya watu wenye umri wa miaka 16 na kuendelea walijitaja kuwa waumini, katika mwaka ambao jibu hilo lilihitaji ujasiri. Matokeo yalifichwa, na viongozi wa sensa wakakamatwa. Pasipo na kasisi, bibi wazee walibatiza watoto nyumbani.

Wapo wanaodhani dhiki iliisha Stalin, kiongozi wa Wasovieti, alipokutana na maaskofu wakuu watatu tarehe 4 Septemba 1943. Makanisa mengi yalifunguliwa kweli, lakini Khrushchev, aliyeongoza baada yake, alifunga maelfu kati ya 1958 na 1964. Mwaka 1961 kasisi aliondolewa katika usimamizi wa fedha na mali za parokia yake, akabaki kama mwajiriwa wa kuendesha ibada, huku mlei aliyeshika hazina mara nyingi akiwa chaguo la wakubwa wa wilaya.