Mirerani: mji uliojengwa juu ya mkanda wa kinywe

Mimi ni mjiolojia, na hapa Arusha wafadhili wa migodi huniuliza kwa nini Mirerani, mji wa machimbo ya tanzanite, kito cha rangi ya buluu, migogoro haiishi. Jibu langu huanzia kwenye mwamba.

Hadi mwaka 1967 eneo lile, kusini mwa uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA), lilikuwa malisho ya Wamasai. Serikali inamtambua Jumanne Ngoma kuwa mgunduzi wa tanzanite. Mwaka huohuo Manuel de Souza, fundi cherehani wa Arusha mwenye asili ya Goa, naye akasajili eneo lake. Jina la tanzanite lilitolewa na kampuni ya Tiffany ya New York mwaka 1968, na miaka michache baadaye migodi ikataifishwa.

Mji wenyewe umezaliwa na wanaapolo, yaani vijana wanaochimba mashimoni. Uchimbaji wa serikali ulipodorora, maelfu ya vijana wakamiminika miaka ya 1980 kutoka kila pembe ya nchi, nyuma yao mama lishe, wauza maji na mabroka, yaani madalali wa mawe. Mwanaapolo hakuwa na mshahara: mfadhili alimpa chakula na baruti, naye akasubiri mgodi uteme, yaani utoe mawe, ndipo wagawane. Wapo waliosubiri miaka.

Mwaka 1990 serikali iliwaondoa, ikagawa eneo vitalu vinne, A hadi D. Kitalu B na D vikabaki kwa wachimbaji wadogo, kila leseni mita 50 kwa 50.

Hapo ndipo ninapoona kosa kubwa. Tanzanite hukaa ndani ya mikanda ya miamba yenye kinywe, kile cheusi kilichomo kwenye penseli. Mikanda hiyo imekunjwa na kuinama, haishuki wima. Ukiigusa, vidole vinateleza na kuwa vyeusi. Mchimbaji akitoka shimoni uso wake unang'aa kama madini ya risasi. Ukifuata mkanda kwa uaminifu, baada ya mita kadhaa umeshatoka kwenye mraba wako na uko chini ya jirani. Siku njia zenu zinapokutana, huo ndio mtobozano, na wengi wameumizwa kwa ajili yake. Miraba ilichorwa juu ya ardhi huku mali ikiwa imelala mshazari.

Maji nayo hayaulizi leseni. Aprili 1998, wakati wa mvua za El Niño, yaliingia mashimoni na kupita kwenye njia zilizounganika, makumi ya wachimbaji wakafa. Machi 2008 msiba ukajirudia. Nikitaja miaka hiyo mbele ya wazee wa kazi, mazungumzo hukatika.

Ukuta wa kilomita 24.5 unaozunguka migodi, uliozinduliwa Aprili 2018, ulilenga magendo, na huko umesaidia. Juni 2020 Saniniu Laizer, mfugaji wa Kimasai wa Simanjiro, aliiuzia serikali mawe mawili, moja likizidi kilo 9, kwa zaidi ya shilingi bilioni 7.7. Nilifurahi mno, maana jamii yake ndiyo iliyokuwa ikichunga pale kabla yetu sote.

Lakini ukuta hauoni chini. Kwa hiyo wewe unayetaka kufadhili shimo, kabla ya kununua baruti mlipe mpimaji ashuke, achore njia zako na za majirani kwenye ramani moja, kisha mkubaliane kwa maandishi nani ataishia wapi.