Je, wajua nani huamua gemu iwe ndefu au fupi?

Januari 2022, kampuni ya Techland ya Poland ilijigamba kwamba anayetaka kuimaliza kabisa gemu yake mpya, Dying Light 2, atahitaji angalau saa 500. Ikaongeza kwamba muda huo unakaribia ule wa kutembea kwa miguu kutoka Warsaw hadi Madrid. Ilitarajia makofi, ikavuna malalamiko. Watu wenye kazi na watoto waliuliza saa hizo watazitoa wapi, na haukupita muda Techland ikabidi ifafanue: hadithi kuu ni saa 20 hivi, ukijumlisha na kazi za pembeni zinafika 80. Zile 500 ni za mtu anayetaka kupekua kila uchochoro.

Miaka saba kabla ya hapo kilio kilikuwa kinyume. Februari 2015 ilitoka The Order: 1886 ya PlayStation 4, bei dola 60, na hata kabla haijafika madukani kulikuwa na video YouTube ya mtu aliyeicheza mwanzo hadi mwisho kwa saa 5 na kitu. Wateja wakaja juu. Gemu ilikuwa na picha za kuvutia macho kweli, lakini mjadala wote ukageuka kuwa hesabu ya dola kugawanya kwa saa.

Sasa kipi ni kipi? Ukiirudia historia ya gemu utaona kwamba mara nyingi urefu haukuamuliwa na hadithi, wala na ubunifu wa mtengenezaji. Uliamuliwa na namna mchezaji anavyolipa.

Anzia kwenye mashine za sarafu. Space Invaders ya mwaka 1978 ilimpa mchezaji maisha machache tu, akiyamaliza anatia sarafu nyingine. Mwenye mashine anataka ufe upesi, ila si upesi mno hadi ukakata tamaa. Waliokulia kwenye vibanda vya PS Dar es Salaam au Nairobi wanaijua mantiki hii bila kufundishwa: unalipia mechi au unalipia muda, ndiyo maana mpira hutawala pale. Dakika chache mechi imekwisha, aliyefungwa anaachia pedi, mwingine anaingia. Gemu ya hadithi ya saa 40 utaimalizia wapi?

Zilipohamia nyumbani, gemu zikakutana na tatizo jingine: kaseti hazikuwa na nafasi. Super Mario Bros. ya 1985 nzima ilikaa kwenye kilobaiti 40, kiasi kwamba mawingu na vichaka vyake ni mchoro uleule uliobadilishwa rangi. Huwezi kurefusha kwa kuongeza vitu, kwa hiyo watengenezaji wengi walirefusha kwa ugumu. Ukifa unarudi nyuma, unarudia, na Jumamosi imekwisha.

Kisha Marekani kukawa na maduka ya kukodisha gemu kwa siku chache. Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo Waswahili tunapaswa kulijua, kwa kuwa linamhusu Simba. Gemu ya The Lion King ya 1994 ilitengenezwa na Westwood Studios kwa ajili ya Disney, na hatua yake ya pili tu imewaliza watoto wa dunia nzima: nyani wanamrusha Simba huku na huku, na lazima uwangurumie walio sahihi ili wageuke. Louis Castle, mmoja wa waanzilishi wa Westwood, alikuja kueleza kwamba ugumu ule wa mapema ulitokana na shinikizo la Disney, ambayo haikutaka aliyekodi aimalize gemu kabla ya kuirudisha, maana akiimaliza hatainunua. Japani, ambako kukodisha gemu kulizuiwa kisheria, baadhi ya gemu zilikuwa nyepesi zaidi: kwenye Contra: Hard Corps, Mjapani alihimili mapigo matatu kabla ya kufa, Mmarekani moja tu. Gemu ileile!

Je, ikitokea malipo yakaacha kubana, gemu huwa na urefu gani? Mfano ninaoupenda ni Portal ya kampuni ya Valve, 2007. Mtu mgeni huimaliza kwa saa tatu au nne. Ilianza kama kazi ya wanafunzi wa chuo cha DigiPen, jimbo la Washington, iliyoitwa Narbacular Drop. Valve wakaiona, wakawaajiri wanafunzi wale. Wengi waliipata ndani ya The Orange Box, kifurushi cha gemu tano, kwa hiyo haikulazimika kuibeba bei nzima mgongoni peke yake. Ilikuwa huru kuwa fupi.

Na uhuru huo iliutumia vizuri. Una bunduki isiyoua, inayotoboa matundu mawili ukutani: unaingia tundu moja, unatokea jingine, na kasi uliyoingia nayo ndiyo unayotoka nayo. Wazo zima ni hilo. Lakini hupewi lote mara moja. Kwanza matundu yanafunguliwa na chumba chenyewe. Baadaye unapata bunduki inayotoboa tundu la buluu tu, na la rangi ya machungwa unalipata zaidi ya nusu ya vyumba vya majaribio ikiwa imeshapita. Kila chumba kinakufundisha jambo moja, kinakupima, kinakuachia.

Valve walikuwa wakiwakalisha watu wa nje wacheze, wao wakitazama. Katika chumba kimoja mchezaji alitakiwa kubeba boksi safari nzima, na wengi walilisahau njiani. Wangeweza kuandika maelekezo. Badala yake wakalichora moyo, na mashine inayokusimamia, GLaDOS, ikaanza kulizungumzia kama rafiki yako. Mwisho wa chumba unaamriwa ulitupe kwenye moto, na watu wazima kabisa wamekiri kwamba iliwauma. Ni chumba kimoja tu, cha dakika chache, na kinakumbukwa kuliko ramani nyingi za kukusanya manyoya na masanduku.

Sisemi refu ni baya. The Witcher 3 ni ndefu kupindukia na kazi zake za pembeni zina hadithi za kukukesheza. Ila kila saa inayoongezwa inahitaji waandishi, wachoraji, sauti na wajaribu, na fedha zikipungua hujazwa kwa kurudiarudia. Kampuni ya Ubisoft yenyewe iliona hilo: baada ya Assassin's Creed Valhalla ya 2020, ambayo hadithi kuu pekee hula saa zipatazo 60, mwaka 2023 wakatoa Mirage, iliyowekwa Baghdad ya karne ya 9. Ilianza kama nyongeza ya Valhalla, ikaja kuwa gemu kamili, fupi zaidi na ya bei nafuu zaidi. Nayo hiyo ni biashara vilevile: bei ilishuka pamoja na saa.

Na kanuni za malipo bado zinaandika gemu hadi leo. Tangu Juni 2015, Steam, duka la gemu la mtandaoni, humrejeshea mteja fedha zake iwapo hajapitisha siku 14 tangu anunue wala hajacheza saa 2. Ni kinga nzuri dhidi ya gemu mbovu, na nisingependa iondolewe. Lakini mwaka 2021 mtengenezaji aliyejiita Emika Games alitangaza kwamba anaacha kazi hiyo kwa muda usiojulikana: gemu yake ya kutisha, Summer of '58, ilikuwa imesifiwa na wachezaji, ila ilikwisha kabla ya saa 2, na wengi walioimaliza wakadai fedha zao. Mwenye gemu ya dakika 90 anajua cha kufanya ili asipate hasara: aongeze korido mbili, mlango uliofungwa, na ufunguo uliofichwa mbali.