Tui, mafuta na mizani: dhana potofu kuhusu kupunguza uzito kwa mlo usio na nyama

Asubuhi katika mitaa ya Ngamiani, jijini Tanga, mtu anaweza kufungua kinywa kwa mahamri, mbaazi za nazi, bajia za kunde na chai ya maziwa yenye iliki, akashiba kabisa bila kugusa nyama wala samaki. Chakula hicho ni kitamu, ni cha kwetu, na sina nia ya kumtoa yeyote mezani. Ninakitaja kwanza kwa sababu kinaonyesha jinsi mtu anavyoweza kuacha nyama mwaka mzima na bado mshale wa mizani ukapanda. Mimi mwenyewe, nilipoacha nyama, niliongezeka kilo nne katika miezi michache, na ilinichukua muda kukubali kwamba kilo hizo zilitoka kwenye tui, mafuta ya kukaangia na sukari, vitu vitatu ambavyo sikuwa nikivihesabu kuwa chakula.

Dhana: Mla mboga hanenepi

Mwili huongezeka uzito pale nishati inayoingia inapozidi inayotumika kwa muda mrefu, iwe imetoka kwa mbuzi au kwa mnazi. Gramu moja ya wanga au ya protini ina kalori 4, ilhali gramu moja ya mafuta ina kalori 9. Kwa hiyo kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia, chenye takriban gramu 14, hubeba kalori zipatazo 120, karibu sawa na gramu 100 za mbaazi zilizochemshwa bila kuungwa. Tofauti ni kwamba mbaazi hizo huja na karibu gramu 7 za protini na kiasi kama hicho cha nyuzinyuzi, vitu ambavyo humshibisha mtu kwa saa kadhaa, wakati kijiko cha mafuta hakina hata kimoja kati ya hivyo.

Nazi inahitaji kuzungumzwa kwa makini zaidi, kwa kuwa ndiyo roho ya mapishi ya pwani. Karibu theluthi moja ya uzito wa nyama ya nazi iliyokomaa ni mafuta. Nazi moja inayotoa gramu 300 za nazi iliyokunwa kwenye mbuzi ya kukunia ina mafuta yapatayo gramu 100, yaani kalori 900 za mafuta peke yake, na ingawa kiasi fulani hubaki baada ya kukamua, sehemu kubwa huingia kwenye tui la kwanza. Familia ya watu wanne ikipika mchuzi kwa nazi mbili, kila mmoja anaweza kupata kalori 300 au zaidi kutoka kwenye tui tu, kabla hajahesabu wali. Sisemi tuache nazi. Ninasema kisamvu, mchicha na mbaazi hukubali tui la pili, na kwamba chungu kilichozoea nazi mbili kinaweza kuzoea moja bila kupoteza harufu yake, hasa kikisaidiwa na kitunguu, nyanya, tangawizi na ndimu ya mwishoni. Bajia, kachori, vitumbua na chipsi ni vyakula vya mla mboga pia, na hunywa mafuta wakati wa kukaangwa. Hivyo vinafaa kuliwa mara moja moja badala ya kila asubuhi.

Dhana: Mafuta ya nazi hayanenepeshi kwa sababu ni ya asili

Kalori zake ni zilezile za mafuta mengine. Isitoshe, zaidi ya asilimia 80 ya mafuta hayo ni ya aina inayoganda, ambayo huelekea kupandisha lehemu mbaya katika damu, na Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta ya aina hiyo yasizidi asilimia 10 ya nishati yote ya siku.

Dhana: Bila nyama mtu hupungua kwa kudhoofika, kwa kuwa hakuna protini

Mtu mzima mwenye afya anahitaji takriban gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake, hivyo mwenye kilo 70 anahitaji gramu zipatazo 56 kwa siku. Gramu 300 za maharage yaliyopikwa hutoa karibu gramu 25, na sehemu iliyobaki hupatikana bila taabu kwenye ugali, wali, choroko, dengu, karanga, maziwa na mayai kwa anayeyala. Protini hujengwa kwa viini vidogo vinavyoitwa asidi amino: nafaka hupungukiwa na kimoja kiitwacho lisini, na jamii ya kunde hupungukiwa na kingine kiitwacho methionini, kwa hiyo wali kwa maharage au ugali kwa kunde hukamilishana, na si lazima vikutane kwenye sahani moja mradi vimeliwa ndani ya siku hiyo. Protini hii ina umuhimu wa pekee kwa anayepunguza uzito, kwa kuwa husaidia kupunguza njaa na kulinda misuli ili kinachoondoka kiwe mafuta zaidi.

Kuna mambo mawili, hata hivyo, ambayo mla mboga hapaswi kuyapuuza. La kwanza ni vitamini B12, ambayo haipatikani kwa uhakika katika mimea. Anayekunywa maziwa na kula mayai huipata humo, na sisi wa mkoa huu tumebarikiwa kwa maziwa, lakini aliyeacha kila kitu cha wanyama anapaswa kutumia vidonge au vyakula vilivyoongezewa vitamini hiyo. Akiba iliyoko kwenye ini inaweza kudumu miaka, ndiyo maana upungufu huchelewa kujionyesha na humkuta mtu akiwa ameshaamini kwamba hana tatizo. La pili ni madini ya chuma. Chuma cha kwenye mboga na kunde hufyonzwa kwa shida, na chai inayonywewa pamoja na chakula huzidisha shida hiyo. Afadhali chai ingoje saa moja, na mchicha ukamuliwe ndimu au ufuatwe na chungwa, kwa kuwa vitamini C husaidia chuma kufyonzwa.

Dhana: Acha ugali na wali, utaona matokeo ndani ya wiki

Matokeo huonekana kweli, na hapo ndipo mtu hudanganyika. Mwili huhifadhi wanga kidogo kwenye ini na misuli, na kila gramu ya wanga huo hukaa pamoja na gramu zipatazo tatu za maji. Wanga ukikatwa ghafla, akiba hiyo hutumika, maji yake hutoka, na mizani hushuka kilo moja au mbili ambazo hurudi mara tu mtu anaporudia wali. Upungufu wa mafuta yenyewe huenda polepole, na mwendo unaoshauriwa kwa watu wengi ni kati ya nusu kilo na kilo moja kwa wiki. Jambo la maana zaidi ni kipimo: gramu 100 za wali uliopikwa kwa maji zina kalori zipatazo 130, lakini sahani ya kawaida hubeba mara tatu au nne ya hizo. Nusu ya sahani ikijazwa mboga za majani, bamia, kabichi au karoti zinazoshuka kutoka Lushoto, robo ikawa kunde au maharage na robo iliyobaki wali au ugali wa dona, mtu hushiba kwa nishati ndogo kuliko alivyozoea.

Dhana: Sanamaki na maji ya ndimu huyeyusha mafuta

Sanamaki ni dawa ya kuendesha tumbo, na hufanya kazi yake katika utumbo mpana, ilhali sehemu kubwa ya nishati ya chakula huwa imeshafyonzwa katika utumbo mwembamba. Kinachopungua ni maji na choo. Kuitumia mfululizo humnyang'anya mtu maji na madini ya potasiamu, ambayo moyo unayahitaji, na inaniuma kuona wasichana wakipeana majani hayo kana kwamba ni chai ya kawaida. Maji ya ndimu hayana madhara hayo kwa wengi, lakini hayayeyushi mafuta. Manufaa yake ni pale yanapochukua nafasi ya soda.

Dhana: Juisi ya matunda halisi inaweza kunywewa bila kipimo

Chungwa moja la Muheza lina kalori zipatazo 60 na nyuzinyuzi zinazomfanya mtu atosheke baada ya mawili. Bilauri ya juisi humeza machungwa matatu au manne, huacha nyuzinyuzi kwenye chujio, na bado wengi huongeza sukari. Chai nayo ni hivyo hivyo: vikombe vinne kwa siku, kila kimoja na vijiko vitatu vya sukari, ni karibu gramu 48, kiasi kinachofikia kikomo cha Shirika la Afya Duniani cha asilimia 10 ya nishati kwa anayekula kalori 2,000, wakati shirika hilo linaona ni bora zaidi kubaki chini ya nusu ya kikomo hicho.

Dhana: Kushinda na njaa hupunguza uzito

Anayeruka mlo wa asubuhi na wa mchana mara nyingi huulipa usiku, na wengi wetu tumeona katika mwezi wa Ramadhani jinsi mihogo ya nazi, sambusa, kaimati na uji wenye sukari vinavyoweza kumwongezea uzito mtu aliyefunga siku nzima. Anayetumia dawa za kisukari asipunguze chakula kabla ya kuzungumza na daktari wake, kwa kuwa sukari yake inaweza kushuka kwa hatari. Mjamzito naye asijaribu kupunguza uzito kwa uamuzi wake mwenyewe.

Dhana: Aliyepungua anaumwa

Hii ndiyo iliyonisumbua kuliko zote, kwa sababu husemwa kwa upendo. Shangazi yangu aliponiona nimeanza kupungua aliniuliza, “Mwanangu, mbona umekwisha hivyo, una nini?” na siku hiyo nilipakuliwa sinia nzima. Ni kweli kwamba anayepungua bila kukusudia anapaswa kwenda hospitali. Anayepungua kwa kukusudia, akiwa anakula vizuri, anaweza kujipima kwa futi ya fundi cherehani: kiuno, katikati ya ubavu wa chini kabisa na mfupa wa nyonga, huanza kuashiria hatari ya maradhi ya moyo na kisukari kinapofika sentimita 80 kwa mwanamke na 94 kwa mwanamume. Nilimwonyesha shangazi vipimo vyangu vya miezi mitatu, akavisoma kimya, kisha akaomba futi ajipime na yeye.